Ugonjwa Usiofungwa Bendeji

Naikumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu kwa uwazi nisiokuwa nao hata kwa siku ya harusi yangu. Lakini kabla sijakuingiza ndani yake, mwanangu Mutua, mtoto wa jirani yangu, nivumilie nikueleze hali ilivyokuwa kabla haijapambazuka, kwa maana hukumu inayotolewa pasipo kujua hali ni hukumu ya mpita njia.

Msimu ule kahawa ilikwisha kuchumwa katika vilima vyetu vya Kangundo, lakini malipo ya kiwanda hayakuwa yamefika, na nyumba nyingi ziliishi kwa sukari ya kukopa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, mwenye sauti nzuri ya kusoma na suruali moja ya kupigia pasi. Nilianza kwa kukosa usingizi. Kisha nikawa nasikia sauti zikiniita kwa jina, mchana, darasani, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuniita, nami nikaziitikia. Wanafunzi walicheka mwanzoni. Baadaye hawakucheka tena.

Baba yangu na mdogo wake, baba mdogo Ndeto, walinipeleka hospitali Nairobi. Daktari alisema nina maradhi ya akili, akayataja kwa jina lake, akasema ninaweza kurudi darasani na kuishi kama watu wengine, kwa sharti moja: dawa zisikatizwe, na kliniki nisiikose. Tulirudi nyumbani na vidonge vya muda mfupi. Fedha za vingine hazikuwapo. Dawa zikiisha, sauti zitarudi, na zikirudi, kazi yangu imekwenda, na pengine mimi mwenyewe nimekwenda. Hilo tulilijua sote.

Kijijini, hata hivyo, ilisemwa kwamba nimepata malaria iliyopanda kichwani. Malaria ya kichwani, mwanangu, ilikuwa blanketi pana siku zile. Wengi walifunikwa nalo. Waliotangulia walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tuliinukuu methali hiyo katika mazishi ya watu wengine.

Mtu mmoja tu hakulishika ncha blanketi lile. Shangazi Mwikali alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mwuza ndizi sokoni, na mwanamke mwenye ulimi uliowafanya wanaume wavuke barabara. Katika kila harambee ya kwetu yeye ndiye aliyeendesha mnada wa kuku na maboga. Siku niliyorudi kutoka hospitali alinikalisha jikoni kwake, akaninawisha mikono kama mtoto, akasema:

"Mimi sijui dawa. Lakini niko na masikio mawili mazima. Ukisikia kitu na huna hakika, niulize, 'Shangazi, umesikia?' Kama nimesikia, nitakuambia nimesikia. Kama sijasikia, nitakuambia sijasikia. Hata kanisani. Sitakudanganya."

Tangu siku hiyo nilimwuliza mara nyingi. Jibu lake la kawaida lilikuwa, "Sijasikia. Kula." Nawe usidhani kwamba lilikuwa jibu dogo. Mtu aliyepotelewa na mpaka kati ya kilichopo na kisichokuwapo hahitaji kuhurumiwa kwanza. Anahitaji jiwe la mpaka. Kwangu mimi shangazi alikuwa jiwe hilo.

Basi hiyo ndiyo hali. Sasa njoo tuingie katika Jumamosi yenyewe.

Familia iliamua kufanya harambee katika uwanja wa shule ya parokia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba mdogo Ndeto, na sitaki umchukie, kwa sababu alikwisha kuuza baiskeli yake kwa ajili yangu kabla hajamwomba mtu yeyote shilingi. Lakini alikuwa na wasiwasi mmoja, na asubuhi ile aliuleta katika darasa la tatu, nilikokuwa nimeketi na baba tukisubiri watu wajae.

"Huyu akisimama mbele, watu wataona nini?" aliuliza. "Mguu ukivunjika, wanaona plasta. Tumbo likipasuliwa, wanaona mshono. Huyu! Mwangalie. Amenona kuliko mgeni wa heshima!"

Alisema kweli. Dawa zilikuwa zimeninenepesha. Kwetu, kama ujuavyo, ni desturi mwenye shida aonekane: husimamishwa mbele ya meza kuu, watu wakamtazama, ndipo mikono ikaingia mifukoni. Mkono mtupu haulambwi, na mgonjwa asiye na kidonda, kwa hesabu ya baba mdogo, hakuwa tofauti na mkono mtupu.

Alitoa bendeji mfukoni, mpya, ikiwa bado katika karatasi yake.

"Ni kidogo tu," alimwambia baba. "Hatusemi kitu. Wataona wenyewe."

Baba alitazama ubao uliokuwa na hesabu za kugawanya. Mimi nilikubali. Nilizitaka dawa, mwanangu, na mtu anayezama hachagui rangi ya kamba. Baba mdogo akanizungushia kitambaa kile kichwani, kikashuka juu ya masikio, akakikaza kwa pini.

Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipoanza, nayo hakuna aliyeifikiria. Masikio yaliyozibwa huvuma. Chini ya kitambaa kile nilisikia mvumo kama wa nyuki walio mbali, na ndani ya mvumo ule nikaanza kutambua, au kudhani ninatambua, silabi za jina langu.

Shangazi alichelewa kwa sababu ya kukusanya vitu vya mnada. Alipofika mlangoni mwa darasa alikuwa na jogoo mwekundu kwapani, amemshika miguu kwa mkono. Aliniona, akasimama.

"Umeumia wapi?"

Niligusa pini ya bendeji. Akamgeukia baba mdogo.

"Ndeto, nani amevunja huyu mtoto kichwa?"

"Dada, hayo ni mambo ya kamati."

"Kamati haina damu? Mbona sioni damu?"

"Dada, tafadhali. Tutaongea nyumbani. Mgeni amefika."

Kweli, gari la mgeni wa heshima lilikuwa likiingia uwanjani, na akina mama walikwisha kuanza kuimba. Shangazi aliitazama bendeji kwa muda, akamweka jogoo vizuri kwapani, akanyamaza. Ndiyo, mwanangu, hata yeye alinyamaza. Likumbuke hilo, maana sikusimulii habari za malaika. Aliketi nami kwenye benchi la nje ya darasa, akanishika kiwiko, wala hakukiachia.

Mshereheshaji alikuwa fundi wa maneno kutoka upande wa Kyumbi, mtu mcheshi ambaye aliweza kumtoa nyani shilingi. "Mgeni wetu hakuja kula wali!" alipaza sauti. "Wali uko kwake! Amekuja kuacha kitu hapa! Ama namna gani, mwaitu, mama zetu?" Akina mama wakacheka na kupiga vigelegele. Beseni liliwekwa mezani. Mafundo ya leso yakaanza kufunguliwa. Ndipo katika mvumo wa masikio yangu nikasikia jina langu, kamili, na la ukoo juu yake.

Sikuinuka. Sikujua kama ni mshereheshaji au ni zile sauti.

"Shangazi," nilisema, "umesikia?"

"Nimesikia. Wamekuita. Nenda."

Nilikwenda. Nyasi za uwanja zilikuwa zimekatwa karibuni, na watu wakatulia kiasi kwamba nilisikia viatu vyangu. Mshereheshaji alinishika bega, akanigeuza huku na huku kama mtu anayeonyesha ng'ombe mnadani, kisha, kwa kuwa ulimi wake haukuzoea kuacha nafasi tupu, akaijaza nafasi ambayo baba mdogo alikuwa ameiacha kwa makusudi.

"Ndugu zangu, mnaona wenyewe! Huyu kijana amepasuliwa kichwa! Madaktari wamefungua hapa, wakaingia, wakatoa kitu kama yai. Kama yai la kuku! Na bado anasimama!"

Uwanja uliguna. Mama mmoja mbele yangu alijifunika uso kwa leso. Kisha watu wakaanza kuja, mmoja, wawili, halafu mstari, na noti zikaanguka ndani ya beseni kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana pale. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa akitazama chini.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili mtu asiyeugua nilivyougua huliona kuwa la kuchekesha. Nilijua kwamba sikupasuliwa. Lakini miezi michache nyuma nilijua pia, kwa uhakika uleule, kwamba kengele ya shule ilikuwa ikinisengenya. Uhakika wangu ulikuwa shahidi aliyekwisha kukamatwa akisema uongo. Na hapa alikuwapo mtu mwenye kipaza sauti, na watu wazima wanaolia, na mzazi wangu asiyekanusha, na kitambaa halisi kichwani pangu. Niliinua mkono nikapapasa chini ya bendeji, nikitafuta mshono. Vidole vyangu viliupata mshipa, navyo vikauamini kuwa mshono. Nikaanza kujaribu kulikumbuka lile yai. Na jambo la kutisha ni kwamba nilianza kulikumbuka.

Nilichukua kipaza sauti. Mshereheshaji alidhani nataka kushukuru, akaniachia kwa tabasamu.

"Shangazi," nilisema, na sauti yangu ikarudi kutoka kuta za madarasa, "umesikia? Amesema nimepasuliwa kichwa. Nilipasuliwa?"

Shangazi alikuwa amesimama kando ya vitu vya mnada. Baba mdogo, nyuma ya meza kuu, alikuwa akimtikisia kichwa polepole, macho yakimsihi. Beseni lilikuwa limefurika. Fedha zile zilikuwa dawa zangu za mwaka mzima, na kila mtu katika familia yetu aliliona hilo kwa jicho moja. Neno moja la ndiyo lingetosha. Hata kunyamaza kungetosha. Jogoo alipapatika kwapani mwake, akamtuliza kwa kiganja.

"Nimesikia akisema," alijibu, bila kipaza sauti, na bado alisikika hadi nje ya ua. "Lakini si kweli. Hukupasuliwa, mwanangu. Hakuna yai."

Sijui kama unaweza kuelewa jinsi nilivyopumua.

"Aiya!" mtu mmoja aliita kutoka nyuma. "Na pesa yetu?"

"Ni jua!" baba mdogo alisema, akisimama. "Dada yangu amechomwa na jua, ndugu zangu, tuendelee!"

Shangazi alikwisha kufika mbele. Alimkabidhi mshereheshaji yule jogoo. "Shika huyu, bwana wa mayai," alimwambia, na mtu mwenye maneno mengi kuliko wote uwanjani akasimama na jogoo mikononi, bila neno. Kisha shangazi akaitoa pini, akanifungua kitambaa mzunguko kwa mzunguko, mbele ya watu wote, hadi upepo ukanipiga masikioni na ule mvumo ukakoma.

"Ndeto," alisema, wala hakupaza sauti, "huyu mtoto ugonjwa wake ni kutojua nini iko na nini haiko. Ametuuliza sisi. Kama sisi ndio tunamdanganya, atauliza nani? Zile sauti?"

Baba mdogo akaketi. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, mwanangu, na sijakutana na karipio fupi lililofika mbali kuliko hilo.

Ndipo shangazi akawageukia watu. "Mtoto wetu ni mgonjwa wa akili. Si malaria. Anasikia sauti haziko. Daktari amempa dawa, na dawa inamsaidia, ndiyo hiyo imemnonesha, hata mimi naitamani. Tunaomba pesa ya dawa na nauli ya kliniki. Mwenye alitoa kwa sababu ya yai, beseni ndiyo hiyo. Aje achukue yake. Hatutamwuliza."

Wapo waliokuja. Yule wa "pesa yetu" alikuwa wa kwanza, na akapita upande wa mnada akabeba na mkungu wake wa ndizi. Wengine walimfuata, wakiangalia pembeni. Mama mmoja alimvuta mtoto wake aliyekuwa mwanafunzi wangu, wakaondoka kwa haraka kana kwamba naambukiza. Nilibaki nimesimama bila bendeji, nikitazamwa. Kila noti iliyotoka kwenye beseni niliihesabu kuwa siku moja ya akili zangu ikiondoka, nami nikawa nashindana na miguu yangu isikimbie. Katikati ya hayo, baba aliinuka. Alivuka uwanja taratibu, akaja akasimama ubavuni mwangu. Akabaki hapo mpaka mwisho.

Katika mstari wa wanaorudishiwa alikuwamo mwanamke mmoja wa makamo ambaye sikumfahamu. Alipolifikia beseni hakuingiza mkono. Alimwinamia shangazi.

"Hiyo dawa," aliuliza kwa sauti ya chini, "inasaidia hata mtu amekuwa akisikia tangu akiwa msichana? Dada yangu tumemfungia nyumbani."

Shangazi alimtazama. "Mimi sijui," alisema. "Muulize mwenyewe. Yuko hapa."

Na yule mwanamke akaniuliza. Mimi, si baba, si kamati. Nilimweleza nilichokijua, ingawa kilikuwa kidogo. Alipoondoka, mtu aliyekuwa nyuma yake, ambaye nina hakika alikuja kuchukua chake, alibaki amesimama, akakunja noti aliyokuwa nayo mkononi, akaiongeza.

Mwanangu, juzi ulikuja kwangu na simu yako, ukanionyesha bango ulilotengeneza. Unataka kutembea kwa miguu kutoka Kyumbi hadi mjini Machakos, watu wakuchangie kwa kila kilomita, ili dada yako Ndinda aendelee kumwona mshauri wake, na ili vijana wenzako wajue kwamba sonona ni ugonjwa na si uvivu. Nimefurahi kuliko nilivyokuonyesha. Lakini juu ya bango kuna picha ya Ndinda akiwa na dripu mkononi, picha ya alipolazwa kwa homa ya matumbo. Nilipokuuliza, ukasema, "Mzee, bila dripu watu wanapita tu na kidole." Sikukujibu. Ulipoondoka, nilikaa nikiikumbuka bendeji yangu.

Sasa nakujibu. Iondoe picha ile. Kwanza, si kweli, na njia ya mwongo ni fupi, hasa ile inayopitia kwenye simu. Pili, ambalo ni zito zaidi: je, umemwuliza Ndinda? Siku ya giza lake atatafuta mtu wa kumwuliza, "Je, mimi ni mzigo? Je, wanaona ninajifanya?" Naye atakutafuta wewe. Ukiwa umekwisha kumpamba kwa ugonjwa usio wake ili apendeke kwa wachangiaji, jibu lako litakuwa na thamani gani? Atakuwa amejifunza kwako kwamba ugonjwa wake wenyewe hautoshi kuhurumiwa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nawe sasa ni mwosha wa aliye hai, basi mkono wako uwe mwepesi.

Weka uso wako wewe mwenye kutembea. Andika ugonjwa kwa jina lake, ikiwa yeye ameridhia, na kama hajaridhia, andika kwamba ni kwa ajili ya mtu umpendaye, na uishie hapo. Watachanga wachache, sikufichi hilo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chako kisipojaa, njoo tuongee juu ya ng'ombe wangu. Lakini usikibonyeze kibaba kitako ili kijae haraka. Na ukiwa njiani, usiyafunge masikio yako kwa muziki, kwa maana atatokea mtu kando ya barabara, atakuwa mchuuzi wa maembe au mtu wa boda boda, atakuuliza kwa sauti ya chini juu ya mtu wa kwake. Simama. Huyo ndiye uliyetembea kwa ajili yake.

Wazee wa kwetu walibariki kwa kutema mate kidogo kifuani pa mtoto, ili unyevu wa aliyeishi umpoze anayekwenda juani. Mimi nakubariki hivyo, kwa karatasi: miguu yako isichubuke, ulimi wako usizidi unalolijua, na dada yako akikuuliza, uwe na jibu la kweli la kumpa, na awe na siku nyingi za kukuuliza. Amina.

Utataka kujua iliishaje. Fedha hazikutosha. Mgeni wa heshima aliacha bahasha, ingawa sijui kama ndiyo ile aliyokuja nayo. Jogoo aliuzwa mwisho, akiwa amefungwa miguu kwa ile bendeji, na aliyemnunua ni baba mdogo Ndeto. Baba aliuza fahali. Nilipata dawa, nikarudi darasani baada ya likizo ndefu, nikafundisha hadi kustaafu. Vidonge ninameza hadi leo. Shangazi Mwikali alifariki akiwa mkongwe, na tangu hapo namwuliza mke wangu.